Kedarnath: hekalu lilibaki, mji ukaondoka na maji

Kwenye kipindi wiki hii tulilitaja hekalu la Kedarnath, na muda ukatuishia. Haya hapa maelezo kwa urefu kidogo.

Kedarnath ni hekalu la Wahindu lililoko kaskazini mwa India, katika jimbo la Uttarakhand, juu kwenye milima ya Himalaya. Liko mita 3,583 kutoka usawa wa bahari. Kwa waliowahi kupanda Kilimanjaro, ni chini kidogo tu ya kituo cha Horombo, pale ambapo wengi huanza kuumwa kichwa. Hekalu ni la mungu Shiva. Kinachoabudiwa ndani si sanamu ya kuchongwa bali jiwe lenye umbo la pembetatu, na Wahindu hupahesabu hapo kuwa moja ya mahali 12 patakatifu zaidi pa Shiva.

Barabara ya magari huishia Gaurikund. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 16 hivi, wa kupanda tu. Watu hutembea, hupanda farasi wadogo, au hubebwa kwenye machela. Wenye fedha huruka kwa helikopta. Msimu huanza Aprili au Mei na kwisha Oktoba au Novemba, kabla theluji haijafunika kila kitu. Miezi ya baridi, sanamu ya kubebeka huteremshwa kwa maandamano hadi mji wa Ukhimath, na ibada huendelea huko.

Sasa tuje kwenye Juni 2013.

Kilomita kama mbili juu ya hekalu palikuwa na ziwa dogo, Chorabari. Fikiria bwawa la kunyweshea ng'ombe lililokingwa na tuta la udongo na mawe, halina mfereji wa kutolea maji. Tuta hilo halikujengwa na mtu. Ni kifusi kilichosukumwa na barafu ya mlimani. Mwaka huo mvua kubwa ziliwahi kufika, zikanyesha siku kadhaa mfululizo, na theluji nayo ikawa inayeyuka. Asubuhi ya Juni 17 tuta likapasuka.

Maji, matope na mawe yalishuka bondeni na kuupiga mji uliolizunguka hekalu, wenye nyumba za wageni na maduka. Ulikuwa msimu wa mahujaji, watu wamejaa. Rambara, kituo cha kupumzikia njiani, kilifutika kabisa. Katika jimbo zima watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Hekalu lilisimama. Mwamba mkubwa uliosukumwa na maji ulikwama nyuma yake, na mkondo ukagawanyika pande mbili. Waumini wanauona kuwa ni muujiza, na hadi leo wanauheshimu. Sitabishana nao. Ila ninachojiuliza mimi ni kuhusu zile nyumba: zilijengwa kwenye njia ya maji, na hakukuwa na onyo lolote la kuwaambia watu wakimbie.

Ibada zilirejea Septemba 11, 2013. Nyuma ya hekalu pamejengwa kuta za kuukinga mji, na njia ya mahujaji ikahamishiwa ng'ambo ya mto Mandakini. Watu hawakuogopa: mwaka 2022 walifika zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2025 serikali ya India iliidhinisha magari ya kuning'inia kwenye nyaya, yatakayoifanya safari ya saa nane au tisa iwe ya dakika 36.