Aya za Kibanjani: Mtoto wa Kiislamu na Maumbile ya Kagera

Neno aya, ambalo mtoto wa madrasa hulizoea kwa maana ya fungu la maneno ya Kurani, asili yake katika Kiarabu ni ishara, na Kurani yenyewe hulitumia kwa mvua na kwa kupishana kwa usiku na mchana kama inavyolitumia kwa maneno yaliyoteremshwa. Kwa hiyo mtoto wa Ngenge, wilayani Muleba, anayehifadhi Juzuu Amma bila kuelekezwa kukitazama kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba yao, amefundishwa nusu tu ya aya zake.

Mgomba uliokwisha kuvunwa mkungu ukikatwa, mtoto huona kwa macho yake kwamba kinachoitwa shina ni mikono ya majani iliyofumbatana, na kwamba shina la kweli limo udongoni, ambamo ua huanzia na kupanda katikati hadi kutokeza juu. Vidoa vyeusi vilivyo ndani ya ndizi mbivu ni mabaki ya mbegu zisizokomaa, ndiyo maana mgomba wa kibanjani hutoka kwa chipukizi la mgomba mwingine, nao uliletwa hapo na mkono wa mtu. Mtoto aliyeyafahamu hayo, kisha akaelezwa kuwa wafasiri wengi wa kale walisema talhi, mti wa Peponi unaotajwa katika Sura ya Al-Waaqia, ni mgomba, huisoma sura hiyo kwa macho mengine. Mzazi anayemkatiza kwa kumwambia kuwa Mungu ameumba basi, asiulize sana, humfunza bila kukusudia kwamba sababu na Muumba ni washindani, ilhali sababu nayo imeumbwa.

Swali zito zaidi ni lile la tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera, kwa sababu mtoto huuliza kama waliokufa walikuwa na dhambi kuliko waliosalia. Jibu la kuanzia limo katika Hadithi: mwaka 632 jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahimu, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad (s.a.w.), watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, na Mtume, katikati ya msiba wa mwanawe, akakanusha, akieleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu zisizopatwa kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Aliikataa dhana, lakini neno aya akalibakiza.

Siku 9 kabla ya tetemeko hilo jua lilipatwa kipete, yaani mwezi uliliziba na kuacha duara la mwanga pembeni, likaonekana hivyo Rujewa mkoani Mbeya kwa dakika zilizokwisha kukokotolewa miaka mingi kabla. Lakini siku ya tetemeko, ambalo hutokea miamba inayovutwa katika Bonde la Ufa inapokatika, hakuna awezaye kuikokotoa, na mwalimu anapaswa kulisema hilo waziwazi. Baada ya hapo awatoe watoto nje, wazitazame kuta za matofali mabichi na zile za matofali ya kuchoma zenye mkanda wa zege, waulizane ni zipi zingesimama, na kwa nini.