Uvira: Kompyuta mpya ikikataa kuwaka, usikimbilie kusema karite meri imeungua

Kwa mkaaji wa Nyakabere, wilayani Uvira, jimboni Kivu Kusini, kompyuta ya mezani ni mali ya kununuliwa kwa subira. Anayeitafuta ana kazi inayoingojea: kufungua sekretariati ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, kuweka hesabu za ushirika wa wakulima, ao kumsaidia mtoto anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo. Kwa kuwa mashini iliyo tayari inaomba makuta mengi kwa mara moja, njia nyingine ni kununua vipande kimoja kimoja, vipya na vya okazio, kisha kuviunganisha nyumbani.

Siku ya kuunganisha inafika. Nyaya zimefungwa, kasha limesimama, kidole kinabonyeza kitufe, na kimya. Ao feni zinazunguka lakini skrini inabaki nyeusi. Hapo hukumu inatolewa upesi: karite meri, ule ubao mkubwa unaobeba vipande vyote, imeungua. Mwenye mali anarudi mjini kutafuta nyingine. Akiisha kuifunga, anakuta kimya ni kile kile, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa nzima.

Mashini iliyounganishwa leo haina sababu nyingi za kufa leo. Mara nyingi kosa ni waya usioingia mpaka mwisho, kipande kisichokaa vizuri mahali pake, ao umeme wa nyumba wenyewe. Kurekebisha makosa ya namna hiyo hakuombi hata franka moja. Kunaomba utaratibu: kuanzia ukutani, kuingia ndani hatua kwa hatua, na kubadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Kuanzia kwenye prizi

Mji wa Uvira unapata umeme wa maji ya mto Ruzizi, ambako mtambo wa Ruzizi 1 ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na ule wa Ruzizi 2 mwaka wa 1989. Kwenye karatasi, umeme wa inchi ni volti 220. Kwenye prizi ya nyumba, volti hizo zinaweza kushuka sana jioni wakati watu wengi wanatumia umeme pamoja, na kupanda kwa ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika. Kwa hiyo kipimo cha kwanza si cha kompyuta. Chomeka taa kwenye prizi ile ile, kwa ralonji ile ile. Taa ikififia ao ikikataa, kompyuta haina kosa.

Kisha tazama nyuma ya kasha. Kisanduku cha umeme, ambacho mafundi wengi wanaita alimantasio, mara nyingi kina swichi yenye alama mbili, I na O. Ikiwa upande wa O, mashini haiwezi kuwaka hata ubonyeze kitufe siku nzima. Visanduku vya zamani vina pia kitufe kidogo chekundu cha kuchagua kati ya 115 na 230. Hapo inafaa kuwa mwangalifu sana. Kisanduku cha okazio kilichotoka Marekani, ambako umeme wa nyumba ni volti 120, kinaweza kuwa bado kwenye 115. Kikichomekwa hivyo kwenye umeme wetu kinaweza kupasuka kwa mlio na moshi. Kiwekwe kwenye 230 mbele ya kuchomeka chochote.

Anayetumia sola ana swali lingine. Kati ya betri na kompyuta kuna konvertiseri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 220. Vile vya bei ya chini havitoi mawimbi laini kama ya mtambo. Vinatoa mawimbi yenye ngazi. Taa na chaja ya simu havijali. Lakini visanduku vingi vya umeme vya kisasa vina sehemu inayosawazisha umeme unaoingia, na baadhi yake vinakataa mawimbi ya namna hiyo, ao vinazima baada ya sekunde chache. Tena wakati wa kuwaka kompyuta inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na konvertiseri ndogo inakata. Jibu lake ni rahisi: peleka mashini mahali penye umeme wa mtambo ao jenereta nzuri. Ikiwaka huko, ubao hauna hatia. Kinachotakiwa ni konvertiseri bora.

Ugonjwa una sura nne

Kusema tu kwamba "haiwaki" hakumsaidii fundi. Kuna kukataa kwa namna nne, na kila namna inaelekeza mahali pake.

Ya kwanza ni kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Umeme wa ukutani ukiwa mzuri, tazama kichwa kikubwa cha matundu 24 kinachopeleka umeme kwenye ubao. Kinaomba nguvu ya mkono mpaka kifungo chake kishike. Baada yake tazama nyaya ndogo za kitufe cha kuwashia. Zinashikwa kwenye vipini vidogo pembeni mwa ubao, na kukosea kwa kipini kimoja kunatosha kuua kitufe. Kitabu cha ubao kinaonyesha vipini viwili vya kitufe hicho. Fundi anaweza kuvigusa vyote viwili kwa pamoja, kwa ncha ya bisibisi, muda wa sekunde moja. Mashini ikiwaka, ugonjwa ulikuwa kwenye kitufe cha kasha.

Bado kimya? Kisanduku cha umeme kinapimwa peke yake. Kinatolewa kwenye ubao, kisha fundi anaunganisha waya wa kijani na mmoja wa nyaya nyeusi za kichwa cha matundu 24. Kikiwa hai kinaamka, na mita inaonyesha volti 12 kwenye waya wa njano, 5 kwenye mwekundu na 3.3 kwenye ule wa rangi ya chungwa. Tofauti isiyozidi 5 kwa mia inakubalika. Lakini kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiyekijua: ndani yake umeme unaweza kubaki hata kikiwa kimechomolewa, na unaweza kuua.

Sura ya pili ndiyo inayodanganya wengi: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini ni nyeusi. Mshukiwa wa kwanza ni kichwa kidogo cha umeme cha matundu 4 ao 8, karibu na prosesa. Ndicho kinacholisha prosesa, na kwa sababu kimejificha kwenye kona ya juu ya kasha, wengi wanakisahau. Bila hicho feni zinazunguka bure.

Mshukiwa wa pili ni RAM. Vibao vyake vinaingia kwa nguvu, na vinalia "ta" vikikaa sawasawa. Toa vyote, rudisha kimoja tu, jaribu. Kisha jaribu cha pili peke yake, na kwenye tundu lingine. Hakikisha pia ni kizazi kinachotakiwa na ubao: DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani, na mkato ulio chini ya kila kibao hauko mahali pamoja. Kisichoingia kisilazimishwe. Kwa kibao cha okazio, futa ule mstari wa manjano kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, na kingoja kikauke. Manjano ile ni dhahabu kweli, madini yale yale yanayochimbwa Misisi, wilayani Fizi. Safu yake ni nyembamba mno, kwa hiyo isikwaruzwe kwa kisu wala msasa.

Mshukiwa wa tatu ni waya wa skrini. Kompyuta ikiwa na kadi ya picha, waya unachomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao. Tena kuna prosesa ambazo hazina picha ndani yake, kama zile za Intel ambazo jina lake linaishia kwa herufi F. Hizo bila kadi ya picha hazitaonyesha kitu, hata kama kila kipande ni kizima.

Hapo kuna jambo la kuwatuliza wenye mashini za kisasa. Ubao unaotumia DDR5 unaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza kuwashwa, ukipima RAM yake, huku skrini ikiwa nyeusi. Anayezima kila baada ya sekunde 30 anaurudisha mwanzo. Inafaa kungoja hata dakika 10 mbele ya kukata tamaa.

Sura ya tatu: mashini inawaka, inazima, inawaka tena yenyewe. Tazama kipoza joto cha prosesa. Kama hakikushika vizuri, ao karatasi ya plastiki iliyofunika sehemu yake ya chini haikutolewa, prosesa inapata joto upesi na kujizima. Tazama pia chini ya ubao. Ubao haulali juu ya chuma cha kasha. Unasimama juu ya vijiti vifupi vya shaba. Kijiti kimoja kilichowekwa mahali pasipo na tundu la skrubu, ao skrubu iliyoanguka nyuma ya ubao, vinatosha kuunganisha umeme vibaya na kuzima kila kitu.

Sura ya nne si ugonjwa. Skrini inawaka na kuandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Mashini hiyo ni hai. Inaomba tu waya wa diski utazamwe, kisha programu ya kuiendesha iwekwe kwa flashi.

Sikiliza mashini yenyewe

Tangu kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, mwaka wa 1981, mashini inajipima yenyewe kila inapowashwa, na inasema kosa kwa milio ya kipaza sauti kidogo. Kila kampuni ina hesabu yake ya milio, kwa hiyo kinachosomwa ni kitabu cha ubao ule. Mbao nyingi za sasa zina pia taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, yaani prosesa, RAM, picha na diski. Taa inayobaki ikiwaka inaonyesha mahali ambapo mashini imekwama. Wengi wananunua ubao wa pili bila kuitazama taa hiyo.

Ubao unaweza pia kuwa wa zamani kuliko prosesa iliyofungwa juu yake. Mbao za AM4, kwa mfano, zilianza kuuzwa mbele ya Ryzen 3000 kutoka mwaka wa 2019. Ule ambao programu yake ya ndani haikusasishwa hauitambui prosesa hiyo. Vyote viwili ni vizima, ila havifahamiani.

Kwa kompyuta iliyowaka dukani Uvira na kukataa ilipofika kijijini, swali la kwanza ni safari. Kilomita nyingi juu ya pikipiki ya motari, katika mashimo na vumbi, zinatosha kulegeza RAM, kadi ya picha na hata kipoza joto kizito. Kabla ya kumlaumu muuzaji, fungua kasha na ukaze kila kipande, umeme ukiwa umechomolewa.

Kupunguza mpaka kubaki na kidogo

Kama yote hayo hayakusaidia, inabaki njia ambayo mafundi wanaiamini kuliko zote. Toa ubao kwenye kasha, uulaze juu ya katoni kavu. Acha vitu vichache tu: prosesa na kipoza joto chake, kibao kimoja cha RAM, kisanduku cha umeme, na skrini. Toa pia betri ndogo ya mviringo ya volti 3, CR2032, muda wa dakika chache umeme ukiwa umechomolewa, ili ubao usahau mapangilio yake ya zamani. Rudisha betri, washa. Ikiwaka, ongeza kipande kimoja kimoja. Kile kitakachorudisha kimya ndicho chenye kosa.

Isipowaka, ndipo wakati wa kuazima. RAM ya jirani ao kisanduku cha umeme cha fundi, kwa nusu saa tu, kinatoa jibu ambalo kununua kungelitoa kwa dola nyingi. Alama za kifo cha kweli zipo, na zinaonekana: harufu ya kuungua, doa jeusi kwenye ubao, vipini vilivyopinda ndani ya tundu la prosesa, ao kapasita zilizovimba kichwa, jambo lililoharibu mbao nyingi za miaka ya 2000 ambazo bado zinazunguka katika okazio.

Ulinzi mkubwa unaanzia dukani. Mbele ya kulipa, mnunuzi aombe ubao, prosesa na RAM viwashwe mbele yake. Fakture iandike jina kamili la kila kipande na siku ambazo muuzaji atakubali kukirudisha. Kwa ubao, apige picha ya tundu la prosesa kabla ya kuondoka. Na fundi anayesema karite meri imeungua aulizwe kwa heshima: umepima nini, na kwa kipande gani cha kulinganisha? Fundi wa kweli ana jibu.