Unasafiri na droni? Angalia nchi kwanza, kamera itangoja

Tiketi ishalipwa, grupu ya WhatsApp imewaka, na lazima kuna msee mmoja atasema, "Leteni droni, tupige zile video za juu." Hapo ndo unaingia YouTube, unacheki video kumi za kulinganisha kamera. Unatoka ukiwa mtaalamu wa 4K, lakini kitu moja bado hujui: hiyo droni itaruhusiwa kutoka kwa uwanja wa ndege kule unaenda?

Mimi nilijua jibu nikiwa nimeshachelewa. Nilikuwa nimewachana na chuo, nimeanza kushika kazi za video hapa na pale. Wasee wawili walikuwa wametoka tu kufunga harusi, wakanilipia ndege niende niwapigie video za fungate. Nikaazima droni ya binamu yangu, ile kubwa inakaribia kilo moja. Kufika, mzee wa forodha akafungua begi akauliza kibali kiko wapi. Sikuwa nacho. Manze hata sikujua kuna kitu kama hiyo. Wakaichukua, wakanipa risiti, wakasema nitaipata nikitoka. Siku ya kutoka, ndege yetu ilikuwa ya saa tisa usiku na stoo yao ilikuwa imefungwa. Droni ikabaki.

Nilirudisha doh yote ya kazi, kisha nikamlipa binamu elfu tano kila mwezi, zaidi ya mwaka mzima. Nchi siitaji, ju kosa lilikuwa langu. Sheria ilikuwa mtandaoni, dakika tano za kusoma.

Kwa hivyo leo tunaanzia pale mimi sikuanzia.

Nchi yenyewe inataka droni?

Gawa dunia mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni nchi zenye mtalii hafai kubeba droni kabisa. Morocco iko hapa. Ukishuka nayo bila kibali, inashikwa forodhani, hata iwe ndogo kama kiganja. Misri pia. Sheria yao ya 2017 inataka ruhusa ya Wizara ya Ulinzi, na ukikamatwa unaweza kuingia ndani. India nayo ilipiga marufuku kuingiza droni kutoka nje mnamo Februari 2022, isipokuwa kwa kazi chache kama utafiti na usalama. Kwa hizi nchi, droni bora ni ile umewacha kwa keja.

Fungu la pili ni nchi ambazo zinakubali, lakini karatasi inatangulia ndege. Tanzania ni mfano wa karibu, na kama plan yako ni Zanzibar, jua hivi: mambo ya anga ni ya Muungano, kwa hivyo unahitaji kibali cha mamlaka ya anga ya Tanzania, na jeshi pia wana neno lao. Usiende na ile akili ya "si ni hapa tu jirani." Thailand nayo inataka droni yoyote yenye kamera isajiliwe na iwe na bima, hata iwe nyepesi aje. Falme za Kiarabu zilifunga droni za watu binafsi Januari 2022 baada ya shambulio la Abu Dhabi. Baadaye walianza kulegeza, lakini bila usajili bado ni noma.

Fungu la tatu ni nchi ambazo unaweza kurusha bila presha nyingi, bora ufuate masharti. Afrika Kusini iko hapa, na Wakenya tunaingia bila viza kwa siku 90 tangu Januari 2023. Unarusha ukiiona kwa macho, mita 50 mbali na watu, nyumba na barabara, kilomita 10 mbali na uwanja wa ndege. Lakini kuna mitego miwili. Moja, Table Mountain ni mbuga ya taifa, na mbuga zao hazitaki droni. Ile picha kila mtu anaota ya mlima na mji chini, sahau. Mbili, ruhusa hiyo ni ya kujiburudisha tu. Kuna brandi inakulipa hiyo video? Hiyo ni biashara, na biashara inataka leseni.

Hii gramu 249 ni ya nini?

Umeona venye droni nyingi ndogo zimeandikwa gramu 249? Watengenezaji hawakuota hiyo namba. Marekani, Kanada na Ulaya wameweka mstari kwa gramu 250, na juu ya huo mstari masharti yanaongezeka. Kwa hivyo kampuni zinabana uzito hadi gramu ya mwisho.

Lakini usidanganywe kwamba 249 ni pasipoti. Ulaya, ukiwa na droni ya gramu 249 yenye kamera, unaepuka mtihani, lakini wewe mwenyewe lazima ujisajili katika nchi ya kwanza utakayorusha. Uingereza wamekaza zaidi: kuanzia Januari 2026, droni ya gramu 100 kwenda juu inataka ufanye mtihani wao wa mtandaoni kwanza. Na kule Morocco, hata gramu 50 hazikusaidii.

Cheki pia vile unaongeza juu yake. DJI Mini 4 Pro ni gramu 249 na betri yake ya kawaida. Ukiweka ile betri kubwa ya kukaa hewani zaidi, umevuka mstari. Vile vizuizi vya kulinda propela pia vina uzito. Askari akiweka droni kwa mizani, hatapima ile karatasi ya dukani.

Sasa tuongee droni zenyewe

Ukishajua nchi inakubali, ndo unauliza unaenda kupiga nini. Bei nitakazotaja ni za wakati zilipozinduliwa Marekani, kwa hivyo dukani Nairobi utapata namba tofauti.

DJI Neo: gramu 135, ilitoka 2024 kwa dola 199. Inaruka kutoka kwa kiganja, inakufuata ukitembea, inarudi kwa mkono, na si lazima uwe na rimoti. Kama wewe ni wa TikTok na unataka tu video zako na mbogi mkiwa bichi, inatosha. Shida yake ni mbili: betri ni kama dakika 18, na upepo unaisukuma vibaya.

DJI Mini 3: gramu 249, dakika 38 hewani kwa betri ya kawaida. Kamera yake inajigeuza kusimama wima, kwa hivyo video inatoka ikiwa saizi ya simu bila kukatwa. Haina macho ya mbele, so mti hauoni. Wewe ndo macho yake. Kwa bajeti ya kawaida, hii ndo droni ya safari.

DJI Mini 4 Pro: gramu zilezile 249, ilitoka 2023 kwa dola 759. Ina macho pande zote, ikiona kizuizi inasimama au inakwepa. Hiyo ni muhimu sana kama umeazima, ama kama unalipwa kwa kazi.

DJI Air 3: gramu 720, kamera mbili, dakika 46, dola 1,099. Inavumilia upepo kuliko zile ndogo, na kamera ya pili inakuvutia kitu cha mbali bila kukikaribia. Lakini kwa gramu 720 umeingia kwa masharti mazito ya Ulaya: mtihani, na umbali zaidi kutoka kwa watu.

Mavic 3 Pro: gramu 958, kamera tatu, dola 2,199. Hii ni ya kazi. Kama hakuna mtu anakulipa na huna vibali kwa mkono, unabeba mzigo tu. Niulize mimi.

Kitu moja kuhusu upepo, ju bichi ndo kila mtu anaharibikiwa. Anza kwa kurusha kuelekea kule upepo unatoka. Ukifanya hivyo, betri ikianza kuisha, upepo unakusukuma nyumbani. Ukianza kwa kufuata upepo, droni inaenda mbio na wewe unafurahi, halafu kurudi inashindana na hewa juu ya maji na betri iko asilimia 20.

Begi na betri

Betri za lithiamu za akiba haziingii kwa mzigo wa chini ya ndege. Zinaingia kwa begi la mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa vichwa vyake kwa tepu ama kwa mfuko wake. Ukiziweka kwa sanduku la chini, zitatolewa na hutaziona tena.

Mashirika ya ndege yanapima betri kwa saa-wati. Chini ya 100, kwa kawaida hakuna shida. Kati ya 100 na 160, unaomba ruhusa ya shirika. Hesabu yake ni rahisi: volti mara saa-ampia, na zote zimeandikwa kwa betri yenyewe. Mini 4 Pro iko kama 19, Air 3 kama 63, Mavic 3 Pro 77. Zote zinapita, lakini shirika linaweza kuwa na kikomo cha idadi, kwa hivyo soma tiketi yako.

Pia, sasisha programu ya droni ukiwa nyumbani kwa waifai yako. Usingoje ufike hoteli ugundue inataka sasisho la dakika arobaini na intaneti ya hoteli inatambaa.

Usisahau kurudi

Wasee wengi hufikiria kuenda tu. Hapa Kenya, kanuni za droni za 2020 zinataka droni yako isajiliwe na KCAA, na mwenyewe awe na miaka 18 kwenda juu. Kuingiza droni nchini pia kunataka kibali. Maana yake ni hivi: ile plan ya "nitanunua Dubai ni rahisi, nirudi nayo" inaweza kuishia kwa meza ya forodha ukiwa umechoka na safari, na doh zishaisha.

Kama ulikuwa nayo kabla ya kutoka, beba cheti cha usajili na risiti ya kununua yenye namba yake ya siri ya kiwandani, na uulize forodha kabla hujapanda ndege wanataka uitangaze vipi. Ukikosa karatasi, unaweza kuulizwa ushuru wa droni yako mwenyewe.

Sasa fanya nini?

Leo jioni, kabla hujalinganisha kamera yoyote, tafuta tovuti ya mamlaka ya anga ya nchi unayoenda. Achana na blogu ya mtalii aliyeenda miaka mitano iliyopita, ju hizi sheria zinabadilika. Kama kibali kinahitajika, tuma ombi sai. Weka jibu lao kwa simu na ulichapishe pia, ju ofisa wa usiku hatangoja simu yako ipate chaji.

Kibali kikichelewa hadi siku ya safari, usibahatishe. Wacha droni nyumbani. Kama video ya juu ni lazima, tafuta rubani wa kule mwenye leseni, mlipe asubuhi moja, upate picha zako na shida za karatasi ziwe zake. Mimi ningefanya hivyo, ningebaki na kazi, na binamu yangu angebaki na droni yake.