Pointi badala ya saa: Jinsi waundaji wa programu wanavyokadiria kazi

MENEJA akiuliza programu ya kompyuta itakuwa tayari lini, jibu analopewa mara nyingi huwa kisio tu. Kisio hilo likigeuzwa ahadi, siku ikipita lawama hufuata.

Ndiposa makundi mengi yanayofuata mtindo wa ajaili, ambao misingi yake iliandikwa na wataalamu 17 waliokutana Utah, Marekani, Februari 2001, hukadiria kazi kwa kulinganisha.

Mchukuzi sokoni hutambua upesi gunia lililo zito kuliko jingine, hata asipojua kilo zake. Vivyo hivyo, kundi huteua kazi ndogo inayoeleweka na wote, tuseme ukurasa wa kubadilisha neno la siri, na kuipa pointi 2. Kazi nyingine hupimwa kwa kulinganishwa na hiyo.

Pointi hubeba ukubwa, ugumu na mashaka ya kazi. Nambari zinazotumiwa sana ni 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Pengo hupanuka kwa kuwa kazi kubwa haikadiriki kwa usahihi.

Mnamo 2002, James Grenning alibuni njia ya kukadiria kwa karata, nayo ikaenezwa na kitabu cha Mike Cohn cha 2005. Kila mmoja huchagua karata yake kwa siri, kisha zote hufunuliwa kwa pamoja ili mgeni asimwige mkongwe.

Iwapo mmoja ametoa 3 na mwenzake 13, wote wawili hujieleza. Huenda wa 13 ndiye pekee aliyekumbuka kwamba mtandao unaweza kukatika pesa za mteja zikiwa zimekwisha kutoka kwenye simu. Mjadala huo ndio faida kuu.

Kundi likikamilisha wastani wa pointi 20 kila wiki mbili, na zimesalia 100, litahitaji takriban wiki 10.

Hata hivyo, pointi za kundi moja hazilinganishwi na za jingine. Mkubwa akidai pointi zaidi atazipata, kwani kazi ya 3 itaitwa ya 5, bila mteja kufaidika.

Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, aliandika mnamo 2019 kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi, na kwamba anajutia jinsi zinavyotumiwa vibaya.