Kumtaja Mnyama wa Usiku: Kamera ya Mtego katika Bustani za Jinja na Mbale

Utangulizi

Katika bustani za Jinja, karibu na mahali Mto Naili unapotoka Ziwa Viktoria, na katika mashamba ya Mbale, chini ya Mlima Elgon, kuku akipotea usiku ni rahisi lawama kumwangukia "paka mwitu". Katika Kiswahili cha mazungumzo, jina hilo hufunika wanyama kadhaa wasiofanana. Makala haya yanaeleza jinsi kamera ya mtego inavyomtambulisha mgeni wa usiku, na kwa nini picha bila istilahi sahihi haitoshi kuongoza sera.

Utendaji wa kamera

Upigaji picha wanyama gizani si jambo jipya. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha 74 za George Shiras wa Marekani, zikiwemo za usiku. Kamera ya leo ina kihisio kinachotambua tofauti ya joto baina ya kiumbe kinachopita na mazingira yake, kisha taa ya infraredi humulika. Picha hutoka nyeusi na nyeupe, ikiwa na tarehe na saa. Hufungwa mtini kwa kimo cha goti, na nyasi za mbele hufyekwa ili zisiiamshe bure zinapotikiswa na upepo. Mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kamera za aina hiyo zilinasa sange mwenye uso wa kijivu, spishi iliyotangazwa rasmi kisayansi mwaka 2008.

Tatizo la majina

Picha isiyo na rangi humlazimu mtazamaji kutegemea umbo na ruwaza. Kanu ni mwembamba, mwenye madoa na mkia mrefu wenye pingili. Fungo ni mzito zaidi na ana baka jeusi machoni. Wote wakiitwa paka mwitu, asiye na hatia huuawa, na mkulima hupoteza mlaji wa panya. Aidha, Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaweka fidia kwa madhara ya wanyama waliotajwa ndani yake. Dai lisilomtaja mnyama kwa usahihi halina pa kusimama.

Neno "mtego" nalo lina uzito wake. Kwa jirani wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, mtego ni waya wa jangili. Kiswahili chenyewe kimebeba nchini Uganda kumbukumbu za jeshi na polisi, ijapokuwa Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Tangazo la Kiswahili pekee linalotaja "mtego" laweza kuzaa hofu badala ya ushirikiano.

Mapendekezo

Kwanza, ripoti zidumishe istilahi "kamera ya mtego", lakini matangazo yaseme "kamera inayojipiga yenyewe mnyama apitapo", kwa Kiswahili sambamba na Kisoga huko Jinja na Kigisu huko Mbale. Pili, iandaliwe orodha ya majina ya wanyama wa usiku kwa lugha hizo tatu, pamoja na jina la kisayansi na picha ya usiku ya kila mmoja. Tatu, kamera zisielekezwe kwenye njia za watu, na picha za watu zinazonaswa kwa bahati zifutwe, ili kuheshimu faragha inayolindwa na sheria ya mwaka 2019. Mwenye bustani akielewa kifaa kinafanya nini, na akiwa na jina la anachokiona, picha hiyo huwa ushahidi wake mwenyewe.