Mlango urudishiwe, usitiwe kufuli: Somo la moto kwa mabweni na wodi za Mbulu na Hanang

MOTO unapozuka usiku katika nyumba wanamolala watu wengi, mara nyingi kinachoamua nani atanusurika si gari la zimamoto, bali ni mlango.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Vijiji vingi vya huko vimetawanyika milimani, na kutoka Katesh hadi Babati, yaliko makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 70. Hata simu ya dharura namba 114 ikipokelewa papo hapo, dakika za mwanzo za moto hubaki mikononi mwa walio ndani ya jengo.

Wazee walio wengi katika wilaya hizo wangali wakitunzwa na familia zao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliitazama familia kuwa mhimili wa matunzo hayo, na makazi ya wazee kuwa hatua ya mwisho. Kwa sababu hiyo, wanaolala wengi chini ya paa moja ni hasa wanafunzi wa bweni na wagonjwa waliolazwa wodini.

Tanzania imekwisha kulipia somo hili kwa gharama kubwa. Juni 18, 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo. Agosti 2009, wasichana 12 walifariki katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea ulitajwa kuwa chanzo cha moto. Septemba 14, 2020, watoto 10 walipoteza maisha katika Shule ya Msingi Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera.

Nchini Kenya, moto wa Shule ya Sekondari Kyanguli, wilayani Machakos, uliua wavulana 67 mwezi Machi 2001. Mmoja kati ya milango miwili ya bweni lao ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo.

Upande wa pili wa somo hilo ulijitokeza mbali, huko Uskoti. Januari 31, 2004, moto ulizuka kabla ya alfajiri katika kabati moja la makazi ya wazee ya Rosepark, mjini Uddingston. Humo mkosa haukuwa kufuli. Milango ya vyumba vingi ilikuwa imeachwa wazi, moshi ukapita ukumbini na kuingia vyumbani, na wazee 14 wakafariki.

Matukio hayo yanaonekana kupingana: kwingine mlango uliofungwa uliua, kwingine mlango ulio wazi. Lugha ya Kiswahili inaumaliza utata huo kwa neno moja. Kuurudishia mlango si sawa na kuutia kufuli. Mlango uliorudishiwa huzuia moshi, lakini anayetaka kutoka huusukuma tu akapita.

Moshi ndio unaostahili kuogopwa kwanza. Hubeba hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na humlegeza aliyelala kabla ndimi za moto hazijamfikia. Mlango maalumu wa kuzuia moto, wenye ubao mzito na uliokaa barabara katika fremu yake, hutengenezwa ili uhimili kwa dakika 30 au zaidi. Mlango wa plaiwudi wenye uwazi ndani hauwezi kazi hiyo.

Ili mlango usitegemee kumbukumbu ya mtu, hufungwa kifaa cha kuurudisha. Ndani yake mna springi na mafuta. Mlango unapofunguliwa, springi hukazwa. Unapoachiwa, springi huurudisha, nayo mafuta yakipenya kwenye tundu dogo huupunguza kasi usijibamize.

Kasoro yake ni kwamba springi ikiwa kali, mgonjwa au mzee dhaifu hushindwa kuusukuma mlango, na wahudumu huishia kuuwekea jiwe au kiti. Katika nchi zilizoendelea, tatizo hilo hutatuliwa kwa sumaku ya umeme inayoushika mlango ukiwa wazi na kuuachia king'ora kinapolia. Lakini sumaku hiyo huuachia mlango pia kila umeme unapokatika. Pasipo na umeme wa uhakika, jiwe litarudi mlangoni baada ya siku chache.

Kwa mazingira hayo, njia nyepesi hudumu zaidi: bawaba zenye springi ya wastani, mlango wa mbao ngumu, na zamu ya usiku ambayo matroni au muuguzi hupita kuhakikisha kila mlango wa chumba umerudishiwa. Mlango wa kutokea nje uwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na bweni liwe na milango miwili iliyo mbalimbali. Nondo za dirisha nazo ziwe za kufunguka kwa ndani.

Aidha, tahadhari moja inahusu baridi ya nyanda hizo, hasa Juni na Julai. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumbani kwa ajili ya kuota moto, kwa kuwa mlango ukirudishiwa, sumu ileile ya moshi hubaki ndani pamoja na waliolala.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo. Hata hivyo, mzazi anayempeleka mtoto bweni hahitaji cheti kuuliza swali moja la msingi: usiku, ufunguo wa mlango huu hukaa kwa nani? Jibu lililo salama ni kwamba aliye ndani hauhitaji.