Kwa nini samaki mzuri hutupwa baharini?

Mkazi wa Kisumu ambaye amewahi kula mgongo wazi hahitaji kuambiwa kwamba samaki hana cha kutupwa. Viwanda vikishakata minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, akina mama wa mtaa wa Obunga huchukua mifupa na vichwa vilivyobaki, huvikaanga na kuviuza. Nyama yake ni kidogo, lakini mtoto hupata protini ambayo mzazi wake asingeimudu buchani.

Sasa waza, msomaji, juu ya samaki mzima, mbichi, anayetupwa majini na mvuvi yule yule aliyemvua. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka wa 2019 kwamba wavuvi wa baharini walitupa wastani wa tani milioni 9.1 kila mwaka kati ya 2010 na 2014. Hiyo ni takriban sehemu moja kwa kumi ya samaki wote waliovuliwa baharini. Karibu nusu yao ilitupwa na meli zinazokokota nyavu chini ya bahari.

Usidhani kwamba samaki hao hurudi kuishi. Anayevutwa ghafla kutoka kilindini, kifuko chake cha hewa hufura na kuumiza matumbo. Wengine hubanwa wavuni hadi wakafa. Hivyo aghalabu kinachotupwa ni mzoga.

Je, mvuvi ana wazimu? La. Katika Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya, kwa miaka mingi ni sheria iliyomlazimisha. Ili samaki wasiishe, kila nchi ilipewa mgao wake wa kila aina. Lakini waliohesabiwa ni samaki walioshushwa bandarini, si waliouawa baharini. Wavu nao hauchagui. Samaki aitwaye cod huogelea pamoja na mwenzake haddock, kwa hiyo mvuvi aliyemaliza mgao wa cod aliendelea kuvua haddock, na kila cod aliyenaswa akatupwa. Wengine walitupa wadogo ili mgao ujazwe na wakubwa wenye bei nzuri.

Norway ilianza kupiga marufuku mtindo huo mwaka wa 1987, kwa cod na haddock. Ujanja wake uko katika malipo. Anayeleta samaki waliozidi mgao hapotezi kila kitu wala hatajiriki: hupewa sehemu ndogo tu ya bei, ya kufidia taabu ya kuwaleta, na zinazosalia huenda kwa chama cha mauzo. Pia sehemu ya bahari yenye samaki wachanga wengi hufungwa kwa muda. Kwa maoni yangu hiyo ni busara kuliko faini, kwani mvuvi hana sababu ya kuficha.

Muungano wa Ulaya ulichelewa. Mwaka wa 2010 mpishi wa televisheni wa Uingereza, Hugh Fearnley-Whittingstall, alianzisha kampeni dhidi ya utupaji huo, na Februari 2013 Bunge la Ulaya likapitisha mageuzi kwa kura 502 dhidi ya 137. Amri ya kuleta samaki wote bandarini ilianza hatua kwa hatua mwaka wa 2015 na kukamilika 2019. Hata hivyo, kuna misamaha, na ni vigumu kujua kinachotendeka katikati ya bahari pasipo kamera wala mkaguzi. Isitoshe, samaki ambao hawajafikia kipimo hawaruhusiwi kuuzwa moja kwa moja kama chakula cha binadamu. Huishia kuwa unga wa kulisha mifugo. Inauma, lakini wakiruhusiwa sokoni, kuna atakayewavua makusudi.

Hapa kwetu jambo hili linajulikana katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Kamba ni wadogo, kwa hivyo nyavu za meli zinazowavua huwa na matundu madogo na huzoa samaki wachanga ambao wangekua na kuvuliwa na wenye mashua. Wakubwa kidogo huuzwa, wengine hutupwa. Hao wadogo si takataka: samaki mdogo akiliwa mzima na mifupa yake, kama omena, humpa mtoto kalsiamu pamoja na protini.

Baada ya mizozo mingi, uvuvi wa meli hizo ulisimamishwa mwaka wa 2006. Uliporejea mwaka wa 2011 ulikuwa na masharti: meli zikae zaidi ya maili tatu za baharini kutoka ufukweni, zipumzike kuanzia Novemba hadi Machi, na zisivue usiku. Sharti hilo la mwisho halihitaji mkaguzi mwenye chombo. Mwanakijiji wa Ngomeni akiona taa za meli ikikokota nyavu gizani, ana la kuripoti asubuhi.